Leeuwenhoek: Muuza vitambaa aliyeifichua siri ya mbegu za kiume

KATIKA maboma mengi ya mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Dunga mjini Kisumu hadi Mbita na kisiwa cha Rusinga, mwaka mmoja wa ndoa ukipita bila dalili ya mimba, macho yote humgeukia mke. Ni yeye anayepelekwa kwa mwombezi na kwa mganga wa mitishamba, ni yeye anayepanga foleni kliniki, na ni yeye anayevumilia minong'ono ya mawifi. Mume, aghalabu, husubiri nje.

Jambo lenyewe si dogo. Kwa desturi ya Waluo, mwanamume anayehama boma la babake ili kuanzisha lake hutekeleza mila iitwayo goyo dala. Huenda huko akiwa na jogoo, mkewe akiwa na moto, naye kifungua mimba wao wa kiume akiwa amebeba shoka. Asiye na mtoto hana wa kulibeba shoka hilo. Kwa hivyo, kumwambia mwanamume kwamba huenda yeye ndiye chanzo cha ukosefu wa watoto ni kuligusa jina lake, boma lake na nafasi yake miongoni mwa nduguze.

Hata hivyo, kipimo cha kwanza kinachoweza kulijibu swali hilo ni chepesi. Hakihitaji kisu wala sindano. Kinahitaji kikopo safi, muda mfupi wa kusubiri na hadubini, chombo kile kile ambacho maabara za Kisumu hukitumia kila siku kutafuta vimelea vya malaria katika tone la damu.

Aliyeifungua njia ya kipimo hicho hakuwa daktari wala msomi wa chuo kikuu. Alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita. Na shahawa alizozichunguza hadi akaandika habari zake hazikuwa za mgonjwa wala za mtumwa. Zilikuwa zake mwenyewe.

Mwana wa msusi wa vikapu

Leeuwenhoek alizaliwa Delft mnamo Oktoba 24, 1632. Babake, Philips, alikuwa msusi wa vikapu, naye mamake, Margaretha, alitoka katika ukoo wa watengenezaji pombe. Baba alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na kijana huyo akalelewa kwa muda na jamaa zake nje ya mji. Hakusomea Kilatini, lugha ambayo wakati huo ilikuwa ufunguo wa elimu ya juu kote Ulaya. Hadi mwisho wa maisha yake aliandika kwa Kiholanzi pekee, lugha ya soko na ya nyumbani kwao.

Mnamo 1648, akiwa na umri wa miaka 16, alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa. Aliporejea Delft mwaka wa 1654 alimwoa Barbara de Mey na kufungua duka lake. Wauzaji wa vitambaa wa zama hizo walikuwa na mazoea ya kutumia lenzi ndogo kukagua nyuzi na kuutambua ubora wa kitambaa. Kwa mtu aliyezoea kuhesabu nyuzi, haikuwa safari ndefu kuanza kukagua mambo mengine.

Nyumba yake haikuwa geni kwa majonzi. Barbara alimzalia watoto 5, na wanne wakafa wakiwa wachanga. Ni binti mmoja tu, Maria, aliyezaliwa mwaka wa 1656, aliyefikia utu uzima. Barbara naye alifariki mwaka wa 1666. Leeuwenhoek alioa tena mwaka wa 1671, safari hii Cornelia Swalmius, ambaye pia alimtangulia kaburini, mwaka wa 1694.

Wakati huo wote alikuwa mtu wa kuheshimika mjini. Tangu 1660 aliajiriwa na baraza la mji kuangalia ofisi za mahakimu, kazi iliyompa mshahara wa uhakika. Mnamo 1669 alifuzu kuwa mpimaji ardhi, na baadaye akapewa jukumu la kukagua vipimo vya mvinyo. Mchoraji mashuhuri Johannes Vermeer, aliyezaliwa katika mji huo huo na mwezi huo huo kama yeye, alipofariki akiacha madeni, ni Leeuwenhoek aliyeteuliwa mwaka wa 1676 kusimamia mali yake.

Maji ya kijani ya ziwa

Hadubini alizojitengenezea hazikufanana na zile zinazoonekana leo juu ya meza za maabara. Kila moja ilikuwa na lenzi moja tu, ndogo sana, iliyobanwa katikati ya mabamba mawili ya shaba au fedha. Kitu cha kuchunguzwa kiliwekwa kwenye ncha ya msumari mdogo mbele ya lenzi, kisha mtazamaji akakisogeza chombo chote hadi karibu kabisa na jicho lake, akaelekea kwenye mwanga. Moja ya hadubini zake zilizobaki hadi leo hukuza vitu zaidi ya mara 260. Namna alivyotengeneza lenzi zake bora aliifanya siri, na hakumfundisha mtu.

Aliyemtambulisha kwa ulimwengu wa wasomi alikuwa daktari kijana wa Delft, Reinier de Graaf. Huyu alikuwa ameandika kitabu kuhusu viungo vya uzazi vya mwanamume mwaka wa 1668 na kingine kuhusu vile vya mwanamke mwaka wa 1672. Katika hicho cha pili alieleza vifuko vilivyomo ndani ya ovari, ambavyo hadi leo vinaitwa kwa jina lake. Mnamo 1673 de Graaf aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi mjini London, akimsifu jirani yake. Miezi michache baadaye de Graaf alifariki akiwa na umri wa miaka 32, lakini mlango alikuwa ameshaufungua.

Mwaka uliofuata, 1674, Leeuwenhoek alichota maji katika ziwa dogo karibu na Delft. Maji hayo yalikuwa meupe wakati wa baridi, lakini kila joto lilipozidi yaligeuka na kuwa mazito yenye rangi ya kijani. Wenyeji walisema umande ndio uliosababisha hali hiyo. Kila mkazi wa Kisumu aliyeitazama Ghuba ya Winam inapogeuka kijani kibichi anaijua sura ya maji ya namna hiyo. Leeuwenhoek hakuridhika na habari za umande. Alipolitia tone mbele ya lenzi, aliona nyuzi za kijani zilizojiviringa, na katikati yake viumbe vidogo vilivyokwenda huku na huko, ambavyo hakuna binadamu aliyewahi kuvieleza kabla yake.

Mnamo Oktoba 1676 alituma London barua ndefu kuhusu viumbe vingine, vikiwemo vile vinavyojulikana leo kama bakteria. Wasomi walitia shaka. Ilibidi Robert Hooke, bingwa wa hadubini wa Royal Society, ajaribu mwenyewe, na mnamo Novemba 1677 akawaonyesha wenzake kwamba muuza vitambaa wa Delft hakuwa akibuni hadithi.

Jambo la aibu

Ni katika mwaka huo huo wa 1677 ambapo Leeuwenhoek alilikabili jambo aliloliepuka kwa muda. Miaka michache kabla, katibu wa Royal Society, Henry Oldenburg, alikuwa amemwomba achunguze shahawa. Alizitazama kidogo, akadhani alichokiona ni vitone tu, kisha akaiacha kazi hiyo kwa sababu ilimtia haya. Mtu huyu ambaye hakuogopa kuchungulia utando wa meno yake mwenyewe na matumbo ya wadudu alisita mbele ya kitu kimoja tu.

Aliyemrudisha kwenye kazi hiyo alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa Leiden, Johan Ham. Kijana huyo alimletea shahawa za mwanamume aliyeugua kisonono, akisema ameona ndani yake viumbe hai wenye mikia. Ham aliamini kwamba viumbe hao walitokana na ugonjwa na kuoza. Leeuwenhoek alitazama, naye akawaona. Lakini swali lake lilikuwa tofauti na la kijana huyo. Alitaka kujua ikiwa mtu mzima wa afya anao pia.

Jibu halikuweza kupatikana kwa mgonjwa. Hivyo basi, alichunguza shahawa zake mwenyewe, kabla mapigo sita ya moyo hayajapita tangu zitoke, akihakikisha ameeleza kwamba zilitokana na tendo la ndoa na wala hakutenda dhambi ili kuzipata. Aliona viumbe wengi wasiohesabika, wenye kichwa cha mviringo na mkia mwembamba, wakiogelea kwa kujipinda kama nyoka au mkunga majini. Alikadiria kwamba milioni moja kati yao hawangefikia ukubwa wa punje moja kubwa ya mchanga.

Mnamo Novemba 1677 alimwandikia rais wa Royal Society, Lord Brouncker. Kwa kujua uzito wa jambo lenyewe, alimwachia uamuzi: akiona habari hizo zitawachukiza wasomi, na azifiche. Brouncker hakuzificha. Barua hiyo ilichapishwa mwaka wa 1679 katika jarida la chama hicho, ikiwa imetafsiriwa kwa Kilatini. Katibu mpya, Nehemiah Grew, alimhimiza achunguze pia shahawa za mbwa, farasi na wanyama wengine.

Uchunguzi huo una jambo ambalo wataalamu wa maabara bado wanalizingatia. Leeuwenhoek alitazama mapema, mbegu zikiwa bado hai. Alitofautisha zilizokwenda na zilizotulia. Alieleza umbo lake. Alijaribu kupima ukubwa wake. Mwendo, umbo na idadi, mambo matatu ambayo leo hujazwa katika fomu ya matokeo ya kipimo cha mwanamume, yote yalikuwa yameanza kuonekana katika barua za mtu asiye na shahada.

Hesabu ya samaki

Suala la idadi alilishughulikia mwaka wa 1679, na aliyemsaidia ni samaki. Aliuchunguza urojo wa manii ya chewa wa bahari ya kaskazini, akakadiria kwamba samaki mmoja dume ana mbegu bilioni 150. Ili msomaji wake apate picha, alipiga hesabu nyingine. Uholanzi yake, alikadiria, ilikuwa na watu milioni moja. Kama nchi kavu yote inayokalika ingejaa watu kama Uholanzi, dunia ingekuwa na watu bilioni 13.385. Kwa hiyo, ndani ya samaki mmoja mlikuwa na mbegu zaidi ya mara 10 ya watu wote ambao dunia ingeweza kuwabeba.

Mvuvi wa Ziwa Victoria anayepasua mbuta au ngege na kuukuta urojo mweupe tumboni ameshika kitu cha aina hiyo mkononi. Wakati huo hakuna aliyewahi kukihesabu. Hesabu hiyo ya Delft, japo ilikuwa ya kukadiria, ndiyo mwanzo wa desturi ya kuuliza si tu kama mbegu zipo, bali ni ngapi.

Sifa zake zilienea. Mnamo 1680 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, ingawa hakuwahi kuhudhuria mkutano wake hata mmoja. Mnamo 1698 mfalme wa Urusi, Peter Mkuu, alipita Delft na kutaka kuonyeshwa hadubini. Leeuwenhoek alimwonyesha jinsi damu inavyozunguka katika mkia wa mkunga. Katika muda wa miaka 50 aliipelekea Royal Society barua karibu 200.

Kosa la mgunduzi

Hata hivyo, mtu aliyeona mengi kuliko wenzake alikosea katika jambo moja kubwa. Mnamo 1685 alieleza uchunguzi wake wa wanyama waliopasuliwa baada ya kupandana, ambapo alizikuta mbegu ndani kabisa ya mji wa mimba. Hapo alikuwa sahihi: mbegu zenyewe husafiri, si mvuke wake kama walivyodhani wasomi wengine. Lakini kutokana na hilo aliamua kwamba kiumbe kizima kinatoka kwa mwanamume, na kwamba mwanamke hutoa tu mahali pa kukuzia na chakula. Yale ambayo rafiki yake de Graaf alikuwa ameandika kuhusu ovari, yeye aliyakataa.

Kwa mtazamo huo, mwanamke alikuwa shamba na mwanamume alikuwa mpanzi. Si vigumu kuona madhara yake. Shamba likikosa mmea, mpanzi husema udongo ni mbovu. Imani ya aina hiyo ilikuwepo kabla ya Leeuwenhoek, katika Ulaya na katika Afrika, na haikuhitaji hadubini ili iishi. Lakini uchunguzi ambao ungeweza kuipindua ulitumika kuitetea.

Wengine walikosea kwa upande wa pili. Karne moja baadaye, padri Lazzaro Spallanzani wa Italia aliwavisha vyura wa kiume suruali ndogo za kitambaa wakati wa kupandana, na mayai ya majike yakakosa kurutubishwa. Alipochuja shahawa akaona kwamba maji yaliyochujwa vizuri hayatungishi mimba. Alikuwa na jibu mkononi, lakini aliendelea kuamini kwamba mbegu hizo ni vimelea tu. Yai la mamalia lilionekana waziwazi mwaka wa 1827, pale Karl Ernst von Baer alipolipata katika mbwa. Mnamo 1876 Oscar Hertwig, akichunguza viumbe wa baharini, alionyesha kwamba kiini cha mbegu na kiini cha yai huungana. Karibu miaka 200 baada ya barua ya Delft, ikathibitika kwamba mtoto ni wa wawili, nusu kwa nusu.

Leeuwenhoek hakuwepo kuyashuhudia hayo. Alifariki Delft mnamo Agosti 26, 1723, akiwa na umri wa miaka 90, akiendelea hadi siku za mwisho kueleza kwa barua mtetemeko wa misuli uliokuwa ukimsumbua chini ya kifua. Ugonjwa huo wa nadra hadi leo hutajwa kwa jina lake. Aliiachia Royal Society hadubini 26 za fedha, ambazo baadaye zilipotea. Alizikwa katika Kanisa Kuukuu la mji huo. Binti yake Maria, ambaye hakuolewa, ndiye aliyemjengea kumbukumbu. Mtu aliyehesabu mbegu kwa mabilioni hakuacha mjukuu hata mmoja.

Hadubini yafika ziwani

Reli kutoka Mombasa ilifika ufuo wa Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na baadaye Kisumu. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa ukiangamiza watu kandokando ya ziwa, hasa upande wa Busoga, na ukaenea hadi mwambao wa Nyanza. Mnamo 1902, Aldo Castellani, daktari Mwitaliano aliyekuwa Entebbe, alitia chini ya hadubini maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa na kuona vimelea vyenye mkia vikijipinda. Mwaka uliofuata David Bruce alionyesha kwamba huenezwa na mbung'o. Tangu wakati huo, chombo cha Leeuwenhoek hakijawahi kuondoka ziwani.

Kilichukua muda mrefu zaidi kuelekezwa kwa mwanamume asiyepata mtoto. Mnamo 1929, madaktari wa Boston nchini Marekani, Macomber na Sanders, walichapisha matokeo ya kuhesabu mbegu za kiume. Mnamo 1980 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kuzipima, ili matokeo ya mji mmoja yaweze kulinganishwa na ya mji mwingine. Toleo la sita la mwongozo huo lilitolewa mwaka wa 2021.

Kwa mujibu wa mwongozo huo, mwanamume anapaswa kukaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa kabla ya kipimo. Anatakiwa kutoa sampuli yote katika kikopo safi, bila kutumia kondomu ya kawaida wala mafuta, na ichunguzwe ndani ya saa moja. Hapa jiografia ina uzito wake. Mtu wa Rusinga au Usenge hawezi kuibeba sampuli kwa matatu hadi Kisumu ikafika kwa wakati na katika joto la mwili. Ndiyo maana ni bora itolewe hospitalini au kwenye maabara yenyewe, katika chumba cha faragha.

Mtaalamu huanza kwa kupima ujazo. Kiwango cha chini katika mwongozo wa 2021 ni mililita 1.4, zaidi kidogo ya robo ya kijiko cha chai. Kisha huhesabu mbegu kwenye kigae chenye miraba, sawa na kile kinachotumika kuhesabu chembe za damu. Kiwango cha chini ni mbegu milioni 16 katika kila mililita, au milioni 39 kwa jumla. Angalau asilimia 42 zinapaswa kuwa zinatikisika, na asilimia 30 zikisonga mbele. Kuhusu umbo, asilimia 4 tu zikiwa na umbo kamili hutosha, jambo linalowashangaza wengi.

Takwimu hizi hazikuchorwa ili kuwatenga wanaume wazima na wagumba. Zilitokana na wanaume ambao wake zao walipata mimba ndani ya mwaka mmoja. Asilimia 5 kati yao walikuwa chini ya viwango hivyo, na bado walipata watoto. Hivyo matokeo ya chini si hukumu. Hutaka kipimo kirudiwe na sababu itafutwe.

Sababu nyingine ziko karibu sana na maisha ya ziwani. Mbegu huchukua takriban siku 70 na zaidi kukomaa, na homa kali inaweza kuzipunguza kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Katika eneo lenye malaria nyingi kama Nyanza, mwanamume aliyepimwa mwezi mmoja baada ya kuugua anaweza kupewa picha isiyo ya kweli. Kwa sababu hiyo anapaswa kumweleza daktari kuhusu homa hiyo, na kipimo kirudiwe baada ya miezi 3. Sababu nyingine ni magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, ambayo huweza kuziba mirija. Matubwitubwi yaliyoshuka hadi kwenye korodani. Kuvimba kwa mishipa ya korodani. Na dawa za homoni za kutunisha misuli, ambazo huzima kiwanda cha mbegu.

Jambo linalowachanganya wengi ni kudhani kwamba nguvu za kiume na uwezo wa kuzaa ni kitu kimoja. Mwanamume anaweza kuwa na nguvu tele kitandani, na shahawa zake zikaonekana za kawaida kwa macho, kumbe hazina mbegu hata moja. Bila hadubini hakuna awezaye kujua, si mke, si mama mkwe, si mganga. Hilo ndilo Leeuwenhoek alilolifichua: kwamba kilicho muhimu katika jambo hili hakionekani kwa macho matupu.

Wawili mbele ya lenzi

WHO ilieleza mwaka wa 2023 kwamba takriban mtu 1 kati ya 6 duniani hukumbwa na tatizo la kutopata mtoto wakati fulani maishani mwake. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hilo, upande wa mwanamume unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Kumpima mke peke yake, mwaka baada ya mwaka, ni kutafuta kitu kilichopotea katika chumba kimoja na kukiacha kingine kimefungwa.

Yapo yanayoweza kufanywa baada ya jibu kupatikana. Maambukizi hutibiwa, mishipa iliyovimba hufanyiwa upasuaji, dawa zenye madhara huachwa. Tangu 1992, watoto wamezaliwa kwa njia ya kudunga mbegu moja tu ndani ya yai, na mwaka wa 2006 watoto wa kwanza waliotungwa katika maabara nchini Kenya walizaliwa Nairobi. Gharama ya njia hizo bado ni mzigo mzito kwa familia nyingi. Lakini kipimo cha kwanza hakimo katika fungu hilo, na kinaweza kumwepusha mwanamke na miaka ya dawa zisizomhusu.

Wanaume wa Kisumu si wageni katika kuifungulia sayansi faragha yao. Kati ya 2002 na 2006, vijana 2,784 wa mji huo, wa jamii ambayo kwa mila haikuwa ikitahiri, walijitolea katika utafiti uliotaka kujua ikiwa tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Utafiti huo ulisimamishwa mapema mnamo Desemba 2006 kwa kuwa jibu lilikuwa limepatikana: maambukizi yalipungua kwa zaidi ya nusu. Matokeo hayo, pamoja na ya Uganda na Afrika Kusini, yalibadilisha sera za afya za mataifa mengi. Waliovuka aibu hiyo kwa manufaa ya watu wasiowajua wanaweza kuivuka hii kwa manufaa ya wake zao.

Maisha ya Leeuwenhoek yanafunza mambo mawili kwa pamoja. Alipoona haya, alishindwa kuona, akazidhani mbegu kuwa vitone. Alipoishinda haya na kujipima mwenyewe, alilifumbua fumbo lililowashinda wasomi tangu enzi za Wayunani. Lakini aliposhikilia kwamba upande mmoja pekee ndio wenye siri yote ya uzazi, alipotoka, na ilichukua karibu karne mbili kosa hilo kurekebishwa.

Familia inayomchunguza mwanamke pekee hulirudia kosa hilo kwa namna nyingine. Shoka la goyo dala hubebwa na mtoto, na mtoto huyo ni wa baba na mama. Panapokosekana wa kulibeba, wote wawili wanapaswa kwenda hospitali, na hakuna ubaya mume akitangulia.